Tawi Moja Linaonekana, Mengine Yamepotea: Kusaka Chanzo Kwenye Utafutaji wa Mahali

Anayeomba msaada huja na sentensi moja: "Tumeshuka kwenye Google." Ukimuuliza ameshuka wapi, anakuonyesha simu yake. Ametafuta akiwa ofisini, kwenye kiti anachokalia kila siku, na alichokiona hapo ndicho anachodhani wateja wa matawi yake yote wanakiona.

Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Kwenye utafutaji wa mahali hakuna nafasi moja. Mtu akiandika "daktari wa meno" akiwa mtaa huu anapata orodha yake, akivuka daraja kwenda upande wa pili orodha inabadilika. Biashara yenye matawi sita inaweza kuwa na matatizo sita yasiyofanana, na dawa ya tawi moja isilifae jingine. Nimeshaona tovuti nzima ikiandikwa upya kumbe ubaya wote ulikuwa kwenye pini (alama ya mahali kwenye ramani) ya tawi moja iliyokaa mtaa wa nyuma.

## Kwanza ujue kilichoshuka ni kipi

Ukitafuta neno lenye harufu ya mahali, Google hukupa vitu viwili kwa pamoja. Kuna kisanduku cha ramani chenye biashara 3 (zilikuwa 7 hadi Agosti 2015), na kuna orodha ya kawaida ya kurasa za wavuti. Havipikwi kwenye chungu kimoja. Kisanduku kinategemea zaidi Wasifu wa Biashara (taarifa za tawi unazojaza kwenye Google), ule uliokuwa ukiitwa Google My Business hadi mwishoni mwa 2021. Orodha ya kawaida inategemea kurasa za tovuti yako. Vinaathiriana, ndiyo, lakini tawi linaweza kuwa la kwanza kwenye ramani huku ukurasa wake haujulikani ulipo, au ikawa kinyume chake.

Kwa upande wa ramani, Google yenyewe inataja mambo matatu: biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali wake na anayetafuta, na umaarufu wake. Yaweke kichwani hayo. Dalili nyingi zilizo hapa chini zina mzizi kwenye mojawapo, na zilizobaki ni makosa ya kiufundi tu.

Sasa kupima. Hali fiche (Incognito) ya kivinjari isikudanganye: inaficha historia yako, haifichi ulipo. Kwenye kompyuta fungua Chrome, ingia kwenye zana za wasanidi (Developer tools), tafuta kichupo cha Sensors, uandike latitudo na longitudo za mahali unapotaka kujifanya umesimama. Ruhusu Google isome mahali hapo, pakia upya ukurasa, kisha tafuta. Fanya hivyo mlangoni mwa tawi, halafu umbali wa kilomita 1, halafu kilomita 4 kila upande. Zipo programu za kulipia zinazochora gridi nzima ya vipimo hivi kwa mpigo mmoja, na zina faida ukiwa na matawi mengi, lakini kwa matawi matatu au manne mkono wako unatosha.

Kwa orodha ya kawaida, fungua Search Console (zana ya Google ya bure kwa wenye tovuti), ripoti ya utendaji, uchuje kwa ukurasa wa kila tawi. Data ya miezi 16 ipo hapo, kwa hiyo utaona kama mteremko ulianza siku moja kama jiwe au ulikuja polepole. Kitu kimoja haikupi: inagawa wageni kwa nchi, si kwa mji. Ndiyo maana kila tawi linahitaji ukurasa wake. Bila hivyo huna namna ya kutenganisha tawi na tawi.

Andika ulichopata kwenye jedwali dogo: tawi, neno lililotafutwa, mahali ulipojifanya uko, nafasi kwenye ramani, nafasi kwenye orodha. Ukimaliza, tafuta dalili yako.

## Dalili: mlangoni tupo wa kwanza, kilomita mbili mbele hatupo

Huu ni umbali, na mara nyingi si ugonjwa. Google inampa mtu kilicho karibu naye. Kuanzia tarehe 30 Novemba hadi 8 Desemba 2021 Google ilipanga upya uzani wa vigezo vya matokeo ya mahali, na wanaofuatilia mambo haya waliona umbali ukipata nguvu kuliko awali. Biashara zilizokuwa zikitawala jiji zima kutoka jengo moja zikajikuta zimebaki na mitaa yao.

Cha kuangalia ni ukali wa mteremko. Kama washindani wako nao wanafifia kwa umbali huo huo, hakuna kilichoharibika. Kama wewe unapotea kwa kilomita 1 na mwenzako aliye mtaa huo huo anafika kilomita 5, umbali si kisingizio. Kinachokupungukia ni umaarufu au ulinganifu, na hiyo ni habari njema kwa kuwa hivyo viwili vinatibika.

Anza na kategoria. Wasifu una kategoria kuu moja na nyingine za ziada hadi 9, na ile kuu ndiyo yenye uzito. Fundi bomba aliyejiandikisha kama "mkandarasi" anashindana kwenye uwanja ambao si wake. Tazama kategoria kuu za watatu wanaokushinda kwa neno lile unalolitaka. Wote watatu wakiwa na kategoria ambayo wewe huna, umeshapata jibu kabla ya chai.

Kuna wanaojaribu kuushinda umbali kwa kuongeza "maeneo ya huduma" kwenye wasifu. Google inaruhusu hadi 20, na inashauri yasizidi mwendo wa takribani saa 2 kwa gari kutoka ulipo. Yajaze kama kweli unafika huko, lakini usitarajie yakupandishe. Kwa uzoefu wa wanaofanya kazi hii, nafasi bado huzunguka anwani uliyothibitishia, hata kama umeificha.

Wengine hukodi anwani ya mtandaoni au sanduku la posta katikati ya jiji. Sanduku la posta haliruhusiwi. Ofisi ya kukodi isiyo na wafanyakazi wako saa za kazi nayo hairuhusiwi. Itakusogeza kwa wiki kadhaa, kisha wasifu utasimamishwa, na kuurudisha ni kazi kubwa kuliko faida uliyoipata.

## Dalili: hatupo kwenye ramani hata tukisimama mlangoni

Hii ni mbaya zaidi, ila ndiyo rahisi kuitambua kwa sababu vyanzo vyake vinahesabika. Vifuate kwa mpangilio huu.

Tafuta jina kamili la tawi pamoja na mji. Lisipotokea kabisa, wasifu haujathibitishwa au umesimamishwa. Ingia kwenye akaunti uone. Ukikuta umesimamishwa, usikimbilie kufungua wasifu mpya kwa anwani ile ile. Utakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Rekebisha kilichokiuka kanuni, kusanya ushahidi (picha ya kibao, leseni, ankara ya umeme yenye anwani), halafu ndipo ukate rufaa. Sababu ninayokutana nayo sana ni jina lililopachikwa maneno ya kutafutia: kibao cha mlangoni kinasema kitu kimoja, wasifu unasema jina hilo pamoja na huduma tatu na mji juu yake. Jina kwenye wasifu linatakiwa liwe lile linalojulikana mtaani. Nitakiri kwamba maneno ya ziada kwenye jina husaidia kupanda, na ndiyo maana utaona washindani wanayo. Waripoti. Usiwaige.

Jina likitokea lakini neno la huduma halikuleti, vuta ramani karibu hadi mtaa wenyewe. Ukiona tawi limeibuka baada ya kuvuta, umekumbana na kichujio. Tangu Septemba 2016 Google imekuwa kali katika kuficha biashara zinazofanana zilizo jengo moja au jirani sana, ikabakisha moja inayoiona kuwa na nguvu. Wanaoumia zaidi ni madaktari na mawakili wa jengo moja, na kampuni iliyofungua nakala mbili za wasifu bila kujua. Kwa hiyo tafuta nakala: jina la zamani, namba ya zamani, anwani kabla ya kuhama. Nakala ya biashara ile ile iunganishwe na wasifu halisi, na tawi lililohama libadilishiwe anwani kwenye wasifu ule ule ili maoni yake yasipotee. Kama jirani ni biashara tofauti kabisa, njia iliyobaki ni kutofautiana naye kwa kategoria kuu, kama ukweli wa kazi yako unaruhusu, au kumzidi umaarufu.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijaribu. Tafuta saa 4 asubuhi, kisha rudia saa 4 usiku. Tangu mwishoni mwa 2023, kuwa wazi au kufungwa wakati wa kutafuta kumepata uzito kwa maneno ya jumla, yaani yale yasiyotaja jina la biashara. Tawi ambalo wasifu wake unasema limefungwa, hata kama mlango uko wazi, linarudishwa nyuma. Kagua saa za kazi za kila tawi, pamoja na sikukuu. Na usiandike "saa 24" kama simu ya usiku haipokelewi. Mteja atakayegonga mlango uliofungwa ataandika maoni, na hayo utayasoma.

Mwisho, kagua pini. Isogeze kwa mkono ikae juu ya mlango, si katikati ya kiwanja au ng'ambo ya barabara. Mahali ambapo mitaa haina majina wala namba, ongeza Plus Code, msimbo mfupi unaotokana na latitudo na longitudo. Rejea pia orodha ya mabadiliko yaliyofanywa kwenye wasifu: mtu yeyote anaweza kupendekeza marekebisho, na Google huweza kuyakubali bila kukuuliza. Kuna tawi nililolikuta limeandikwa "limefungwa kabisa" huku foleni ya wateja iko nje.

## Dalili: kurasa za matawi hazipo kwenye faharasa ya Google

Chukua anwani ya ukurasa wa tawi, iweke kwenye kikaguzi cha URL ndani ya Search Console. Jibu likiwa ukurasa haumo kwenye faharasa, yaani hazina ya kurasa ambazo Google huchagua matokeo yake humo, usiombe uingizwe kwanza. Uliza kwa nini haukuingia.

Chanzo cha kwanza ni kwamba Googlebot, roboti ya Google inayotembelea na kusoma kurasa, haijawahi kuufikia. Tovuti nyingi zenye matawi zina kurasa nzuri zilizofichwa nyuma ya kisanduku: mgeni anaandika mji wake, anabofya, orodha inatokea. Googlebot haiandiki mji. Haibofyi. Inafuata viungo vya kawaida vya HTML, na kama njia pekee ya kufika tawini ni fomu, basi njia haipo. Tiba yake ni ukurasa mmoja wa "Matawi yetu" wenye kiungo halisi kwenda kila tawi, uliounganishwa kutoka menyu au chini ya kila ukurasa, pamoja na kurasa hizo kutajwa kwenye ramani ya tovuti ya XML (faili linaloorodhesha kurasa zako). Kisanduku kibaki kwa ajili ya binadamu, hakina ubaya.

Chanzo cha pili ni ukurasa kujikana wenyewe. Fungua chanzo cha ukurasa utafute neno canonical. Mara kwa mara nakuta kila tawi lina lebo inayoelekeza ukurasa wa nyumbani, kwa sababu mtengenezaji alinakili kiolezo kimoja mara 12 bila kugusa mstari huo. Ukurasa wa namna hiyo unaiambia Google: mimi ni nakala tu, mwangalie yule. Google mara nyingi inatii. Kila ukurasa wa tawi uelekeze kwake wenyewe. Tafuta pia noindex (lebo inayoikataza Google kuuingiza ukurasa) iliyosahaulika tangu tovuti ikiwa inajengwa. Na kama uliiondoa noindex lakini robots.txt (faili linaloziambia roboti zisiingie wapi) bado inazuia folda nzima, Googlebot haitaingia kuona kwamba umeiondoa.

Chanzo cha tatu ndicho cha hila. Seva inasoma anwani ya IP ya mgeni (namba inayodokeza alipo) na kumpeleka moja kwa moja kwenye tawi la karibu naye. Kwa mgeni ni ukarimu. Kwa Google ni ukuta, kwa kuwa Googlebot hutembelea kurasa zaidi kwa anwani za IP za Marekani, na haitaji lugha inayoitaka katika maombi yake. Kila ikigonga hodi inapelekwa kwenye mlango mmoja. Kwa hiyo ukurasa mmoja unajulikana vizuri na nyingine zote ni hadithi. Acha kuelekeza kwa nguvu. Weka utepe juu ya ukurasa unaosema "Tawi lililo karibu nawe ni hili" na kiungo, mgeni aamue.

Ikiwa hakuna kati ya hayo, na Search Console inasema ukurasa umetembelewa ila haujaingizwa, basi Google imeuona na haikuona sababu ya kuuweka. Hapo si ufundi tena. Soma sehemu inayofuata.

## Dalili: kurasa zimo, lakini zimekwama ukurasa wa tano wa matokeo

Fungua kurasa mbili za matawi kando kwa kando. Kama kinachobadilika ni jina la mji tu, umeshajua. Google ina jina la kurasa kama hizi, kurasa za mlango, na inazihesabu miongoni mwa taka. Mwaka 2015 ilitangaza kuzikazia kamba. Kurasa 40 za miji ambayo hujawahi kuweka hata meza hazitakusaidia, na zinaweza kuuburuta chini na ukurasa wa tawi la kweli.

Kipimo changu ni hiki: funika jina la mji kwa kidole, usome ukurasa. Mwenyeji wa hapo angejua ni tawi gani? Kama hapana, ukurasa hauna kitu.

Kinachoupa uhai si maneno mengi. Ni mambo ambayo ni tawi hilo tu linayo: nani anahudumia hapo, huduma ipi inapatikana hapo na haipatikani kwingine, mteja aegeshe wapi, aingilie mlango upi, kituo cha basi kilicho jirani ni kipi, picha za tawi hilo lenyewe na si picha za kununua, maswali ambayo wahudumu wa tawi hilo wanaulizwa kila siku kwenye simu. Mpigie mhudumu wa mapokezi umwulize watu wanauliza nini. Dakika 15 za maongezi hayo zinazaa ukurasa bora kuliko wiki ya mwandishi asiyewahi kufika. Kama huwezi kupata hata aya tatu za kweli kuhusu tawi, liweke kwenye ukurasa wa mkoa pamoja na mengine, ulitenge baadaye.

Kichwa cha ukurasa kiwe na huduma na mahali, mara moja, kwa lugha ambayo mtu angeitamka. Ongeza data yenye mpangilio ya schema.org (maelezo ndani ya msimbo wa ukurasa yanayosomwa na mashine) aina ya LocalBusiness, au aina mahususi zaidi kama Dentist au Plumber, ikiwa na jina, anwani, simu, saa za kazi na alama za mahali (Google inataka angalau tarakimu 5 baada ya nukta kwenye latitudo na longitudo). Iweke kwenye ukurasa wa tawi husika. Kurundika matawi yote kwenye ukurasa wa nyumbani hakumwambii yeyote lipi liko wapi. Na data hii haifanyi muujiza: inaondoa utata tu, haiongezi umaarufu.

Umaarufu unatoka nje. Tawi linahitaji viungo vya watu wa mahali pale: chama cha wafanyabiashara wa mji, timu ya mpira inayofadhiliwa na tawi, gazeti la eneo, shule iliyopewa msaada. Kiungo kimoja cha namna hiyo kikielekea ukurasa wa tawi, si wa nyumbani, kina thamani kuliko kuorodheshwa kwenye saraka mia za biashara zisizosomwa.

Dalili pacha ya hii: ukurasa wa nyumbani ndio unaotokea badala ya wa tawi. Kama unashika nafasi nzuri, sitakimbilia kuugusa. Kama nafasi ni mbaya, angalia wasifu wa tawi unaelekeza kiungo chake wapi na viungo vya ndani vinasemaje. Kiungo kilichoandikwa "bofya hapa" hakisemi kitu. Kilichoandikwa huduma na jina la tawi kinasema.

## Dalili: wageni wa nchi moja wanaletewa ukurasa wa nchi nyingine

Hii ni kwa wenye matawi kuvuka mipaka. Kwanza, usipime kwa kufungua Google ya nchi nyingine: tangu Oktoba 2017 matokeo hufuata ulipo, si kikoa (anwani kama google.co.ke) ulichofungua. Ripoti ya Search Console iliyokuwa ikilenga nchi nayo iliondolewa mwaka 2022, kwa hiyo mwongozo wowote unaokutuma huko ni wa zamani.

Kinachobaki mkononi mwako ni kikoa au folda ya kila nchi, na lebo za hreflang, zinazoiambia Google ukurasa upi ni wa lugha na nchi ipi. Makosa yake yanajirudia. La kwanza ni kwamba lebo lazima zirudishane: ukurasa A ukiutaja B, B nao uutaje A, la sivyo Google inazipuuza zote mbili. La pili ni misimbo. Uingereza ni GB. Anayeandika en-uk anachanganya mambo, maana uk ni msimbo wa lugha ya Kiukraine. Sweden ni SE ilhali lugha yake ni sv. Na hreflang inatambua lugha na nchi peke yake, haijui mji, hivyo kwa matawi yaliyo ndani ya nchi moja na lugha moja haina kazi.

## Dalili: namba ya simu inayotokea si yetu

Tawi limehama, au namba imebadilika, na taarifa za zamani bado zinazurura. Hili linafupika: fanya ukurasa wa tawi kuwa ukweli mmoja, kisha sahihisha Wasifu wa Biashara, Bing Places, ramani za Apple na saraka kubwa mbili tatu za nchi yako. Usihangaike kama kwingine wameandika "Barabara" na kwako "Brb." Google inajua kusoma. Kinachodhuru ni namba tofauti, jengo tofauti, au jina tofauti. Ukitumia namba maalumu ya kufuatilia simu, iweke kama namba kuu kwenye wasifu na namba halisi uiweke kama ya ziada, usiifute.

## Dalili: tawi jipya linafanya kila kitu sawa, bado linashindwa

Angalia maoni. Tawi lenye maoni 4, la mwisho la miaka miwili iliyopita, linashindana na jirani anayepata maoni kila wiki. Hakuna ukurasa utakaoziba pengo hilo.

Omba maoni kwa kila mteja aliyehudumiwa tawini hapo, kwa kiungo cha tawi hilo. Kosa linalojirudia ni makao makuu kutuma kiungo kimoja kwa wateja wote: tawi mama linanenepa, watoto wanakonda. Kutoa zawadi kwa maoni kumekatazwa. Kuchuja, yaani kumwuliza mteja kwanza kama ameridhika na kumpa kiungo aliyeridhika peke yake, nako kumekatazwa. Jibu maoni mabaya kwa utulivu, maana anayeyasoma zaidi ni mteja ambaye bado hajaja. Na yasije 60 kwa siku moja, kwa kuwa mmiminiko wa namna hiyo unanusa hata kama ni wa kweli.

## Dalili: nafasi ipo juu, simu hailii

Kabla ya kulaumu ramani, piga hiyo simu. Kweli, piga, ukitumia simu isiyo ya ofisi. Kisha bofya kitufe cha tovuti uone unatua wapi. Wakati mwingine kinakwenda kwenye anwani iliyokufa tangu tovuti ilipojengwa upya. Waliotegemea tovuti za bure za business.site walipatwa na hili kwa pamoja, Google ilipozifunga Machi 2024. Ongeza alama za UTM (maneno mwishoni mwa kiungo yanayoonyesha mgeni alikotoka) kwenye kiungo cha kila wasifu ili takwimu zako zitofautishe mgeni aliyetoka kwenye ramani ya tawi fulani na aliyetoka kwenye orodha ya kawaida. Vinginevyo wote wataonekana kundi moja, na utabaki kubahatisha.

Kama kila kitu kinafanya kazi, rudi kwenye jedwali lako uangalie neno lenyewe. Huenda upo juu kwa neno ambalo hakuna anayelitafuta.

## Ukishajua chanzo

Gusa tawi moja kwanza. Chagua tawi la pili linalofanana nalo, usiliguse, liwe la kulinganisha. Andika tarehe na kilichobadilishwa, kimoja kwa wakati. Kategoria na saa za kazi huweza kuonyesha matokeo ndani ya siku chache. Ukurasa ulioandikwa upya unahitaji wiki kadhaa hadi Googlebot irudi na kuupima. Maoni na viungo ni kazi ya miezi. Pima pale pale ulipopima mwanzo, kwa latitudo zile zile, saa zile zile.

Tawi uliloligusa likipanda na la kulinganisha likabaki palepale, peleka badiliko hilo kwenye matawi mengine yenye dalili kama hiyo, si kwa yote. Yakishuka yote mawili wiki moja, usirudishe ulichobadilisha kwa hofu. Angalia kwanza kama Google imetangaza mabadiliko siku hizo kwenye ukurasa wake wa hali ya huduma ya utafutaji, subiri yaishe kusambaa, ndipo upime upya.